Wafungwe Bilbao, Kahawa Nilipe Mimi

Mchezaji akifungwa ana raha zake. Anakwenda kuoga, anapanda basi lenye pazia, na mshahara haupungui hata senti. Shabiki akifungwa anaamka asubuhi bado yuko Mji Mkongwe. Na Mji Mkongwe, kwa mtu aliyefungwa, umejengwa vibaya. Vichochoro vyembamba, ukimwona mtani anakuja huna upande wa pili wa kuvukia. Itabidi mpishane, na kupishana maana yake wewe ugande ukutani, naye asimame mbele yako akichagua maneno.

Tena anaanza kwa adabu, maana Mzanzibari hakutii kidole jichoni kabla hajakusalimia. "Hujambo yakhe? Watoto hawajambo? Na mama kule shamba, mguu unaendeleaje? Alhamdulillahi. Na Man U nayo, imepata nafuu?"

Nazungumzia msimu wa 2024/25. Manchester United ilicheza mechi 38 za ligi, ikafungwa 18, ikakusanya pointi 42 na kumaliza nafasi ya 15. Kocha mwenyewe, Ruben Amorim, mwezi wa Januari baada ya kupigwa 3-1 na Brighton pale pale Old Trafford, aliwaambia waandishi kwamba huenda hii ndiyo timu mbovu kuliko zote katika historia ya klabu. Sikatai. Lakini kuna ukweli mtu anaumeza na mate. Yeye kausema mara moja akaenda kulala. Mimi nimeusikia barazani kwetu Jaws Corner kila nikinyanyua kikombe, na kila anayeukariri anautia chumvi yake.

Baraza letu lina sheria: timu yako ikifungwa, kahawa ya watu unalipa wewe. Sheria hii ilipopitishwa niliiunga mkono kwa mikono miwili, maana miaka ile kocha wetu ni Sir Alex na waliokuwa wakilipa ni wengine. Sasa nimeomba ifanyiwe marekebisho, naambiwa akidi haijatimia. Akidi ya kunywa inatimia kila siku, na kashata juu.

Mkubwa wa watesi wangu ni mwalimu mstaafu, Arsenal wa damu. Siku moja nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba yeye na ubingwa wa ligi hawajaonana tangu 2004. Akapuliza kahawa yake taratibu. "Kweli, mwanangu. Misimu mitatu mfululizo tumekuwa wa pili. Nyinyi mkitutazama huko juu, shingo haziwaumi?" Kikombe hicho nilikilipia mimi.

Na Tottenham, je? Tottenham walimaliza ligi nafasi ya 17, chini yetu, yaani shabiki wao ndiye mtu pekee barazani niliyeweza kumcheka bila kuinua kichwa. Basi hao hao wakatufunga mara 4 msimu mmoja. Ligi mara 2, Kombe la Ligi 4-3, halafu tarehe 21 Mei 2025, fainali ya Europa kule Bilbao, 1-0, bao la Brennan Johnson dakika ya 42. Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. Nilirudi nyumbani saa ambayo hata paka wa Mji Mkongwe wamelala, nikidhani nitapita salama. Dirisha likafunguka juu, sauti ikashuka: "Pole, jirani."

Nikajiapiza: Wazungu basi. Jumapili yake, tarehe 25, Mnyama, yaani Simba, anakuja kucheza nyumbani kwetu. CAF ilikuwa imeuengua Uwanja wa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho ikavuka bahari ikaja Amaan. Simba alikuwa ameshafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, lakini Amaan ndipo mahali tulipomfunga Stellenbosch mwezi mmoja nyuma. Nikavaa jezi nyekundu, nikaenda na imani yangu yote.

Dakika ya 17 Mutale akafunga. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua. Kipindi cha pili Kagoma akala kadi nyekundu. Mukwala akatia mpira wavuni, VAR ikautoa. Pembeni yangu alikaa bwana mmoja na fulana yake nyeupe, mpole, hashangilii hili wala hahuzuniki lile, nikamdhania mgeni wa serikali. Dakika za nyongeza, Sidibé wa Berkane akasawazisha. Yule bwana akaruka juu kuliko Berkane wenyewe. Kumbe Yanga, mtani wetu! Kakata tiketi yake, kavumilia jua, kakaa muda wote ule kimya, anasubiri kuniona mimi nalia. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda Morocco.

Nyumbani sikupata hifadhi. Mama watoto hakusema neno, alijifunga kanga tu: MSIBA WA KUJITAKIA HAUNA KILIO. Nikamuuliza ameinunua lini. Akasema iko kabatini tangu Bilbao.

Hapo ndipo huja wale wenye busara. Ati niache za ng'ambo, nishabikie za nyumbani. Nyumbani wapi? Tarehe 13 Januari 2024, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Amaan mpya inanukia rangi, Mlandege akamfunga Simba 1-0. Mlandege ni mtaa wa hapa hapa, ukivuka Darajani umefika. Kombe limebaki Zanzibar, watu wanacheza barabarani, na mimi, mzaliwa wa Unguja, nimenuna kwa sababu timu ya Unguja imeshinda. Hali hiyo mwelezee daktari, siyo baraza.

Na Zanzibar Heroes nao siwadharau, ndio walionifundisha kuumia. Machi 2017 CAF ikatupa uanachama, tukasherehekea, Julai ikatutoa. Desemba mwaka huo huo vijana wakamfunga Bara, wakamfunga Uganda, wakafika fainali ya Chalenji Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya, tukafungwa kwa penalti. Kombe letu la Chalenji limebaki lile moja la 1995. Januari 2025 wakatwaa Kombe la Mapinduzi kwa kumfunga Burkina Faso 2-1, furaha kubwa, lakini fainali ilichezwa Gombani, Pemba. Mimi nilikuwa Unguja. Furaha zangu zina tabia ya kushukia bandari nyingine.

"Basi hama timu," vijana wananiambia. Wao wanahama kama wanavyobadili laini ya simu: jana City, leo Liverpool, kesho Mungu anajua. Mimi niliingia Mei 1999, usiku ule wa Barcelona, Bayern wanaongoza 1-0, dakika 90 zimekwisha, yakaingia mabao mawili katika dakika za nyongeza. Ami yangu aliyekuwa kanikalisha pembeni yake akanishika sikio, akasema, "Umeona? Hii ndiyo timu, haikati tamaa." Marehemu hakuniambia kwamba kutokukata tamaa ni kazi yangu mimi, siyo yao.

Lakini nimechunguza, nikagundua kwamba hata nikitaka kuhama baraza halitanipa ruhusa. Watu wale wananihitaji. Ile Jumapili ya Amaan, nilipofika Jaws Corner baada ya magharibi, United walikuwa wanacheza mechi ya mwisho ya ligi na Aston Villa. Wakashinda 2-0! Ushindi ule uliwanyima Villa nafasi ya Ligi ya Mabingwa, jambo zito, linastahili mjadala. Nikasimama, nikatangaza. Hakuna aliyegeuka. Mwalimu akasema, "Haya, ahsante," akaendelea kuuliza bei ya pweza. Nikajaribu tena kwa sauti, muuza kahawa akaniomba nisogee, nimeziba njia. Kahawa ya jioni ile niliilipa kwa ajili ya Berkane.

Agosti, msimu mpya. Tarehe 27, Kombe la Ligi, United wakaenda kwa Grimsby Town, timu ya daraja la nne, ya mji wa wavuvi ambao mashabiki wake huenda uwanjani na samaki wa kupuliza. 2-2, halafu penalti, 12-11, tumetolewa. Asubuhi yake mchuuzi wa samaki wa Darajani alifunga meza mapema akaja barazani, yeye ambaye hajui hata kuotea ni nini. Watu walijaa, waliokosa pa kukaa wakasimama. Mzee mmoja alitoka Mkunazini kwa mkongojo.

Nikatoa hoja. Nikasema: mabibi na mabwana, ninyi nyote mmekuja kwa ajili yangu. Mwenye ngoma halipi kiingilio. Kuanzia leo anayecheka ndiye alipe. Kura zikapigwa, nikapata moja, yangu. Shabiki wa Tottenham alijizuia kupiga, akasema suala hili linamgusa kimaslahi.

Nikalipa. Nilipokuwa nahesabu chenji mwalimu akaniinamia, sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, Jumamosi mnacheza saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Basi niwekee nafasi. Siku hizi ukichelewa hupati pa kukaa."