Shakwe wa Nani?

Shemeji yangu ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akiona maji hudhani ni ya kwao. Tulikuwa mwaloni Nkome, mkoani Geita, mbele ya mama muuza dagaa, pale shemeji alipotazama ndege weupe waliokuwa wakizunguka juu ya mitumbwi, akanielimisha kwa upole: "Shemeji, shakwe ni ndege wa kwetu pwani. Hao wenu watakuwa yangeyange."

Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hayana chumvi ya kukoleza hata mchicha. Shakwe hawajapata taarifa hiyo. Wa kwetu ni yule wa kichwa cha kijivu. Msimu wa kuzaliana ukipita, ule ujivu hufifia, ujeuri haufifii. Kinachomweka hapa ni dagaa. Usiku wa giza wavuvi huwavuta kwa taa, asubuhi wanaanikwa mchangani, naye anajikaribisha. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi husimama, na mwalo mzima hununa, ndege wakiwemo.

Mama alijaza sado, akaongeza konzi moja kwa heshima ya mgeni. Shemeji akiwa bado anapapasa mfukoni, shakwe alishuka akabeba sehemu ya nyongeza. Shemeji akaruka, sado ikapinduka, wenzake ndege wakaja kusaidia kuokota. Mmoja alipoondoka alimwachia risiti nyeupe begani, kwenye shati jeusi la safari.

Nani alipe? Mama alisema dagaa wameshapimwa. Shemeji akasema pesa haijatoka mfukoni. Kijana mchimbaji wa Nyarugusu, aliyekuja kutafuta kitoweo cha wenzake wa duarani, akajipa ujaji bila kuombwa. Huko machimboni watu hugombania kiroba cha mawe kuanzia asubuhi, kwa hiyo kesi ya sado aliiona nyepesi.

"Mzee, mzigo kauharibu nani?"

"Ndege."

"Ndege gani?"

Shemeji, bega likimchuruzika, akasahau elimu yote: "Shakwe! Humwoni shakwe yule?"

Mama akaweka sado chini, akashika kiuno. "Ahaa, shakwe. Si umesema ni wa kwenu? Basi baba, lipia mifugo yako."

Shemeji alilipa sado mbili.