Fadhila za Malimbikizo

Miongoni mwa neema ambazo wakaazi wa Michenzani, mjini Unguja, hawajazishukuru ipasavyo ni malimbikizo, yaani deni lililoachwa likakaa hadi likawa na umri wake, na hasa pale yanapomkalia mtu mmoja ya aina mbili kwa pamoja: kodi ya mapato ya biashara yake mwenyewe, anayodaiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na matunzo, yaani chakula, nguo, malazi na skuli ya watoto, anayodaiwa na mama yao aliyeachana naye. Mfaransa Rabelais alikwisha kumpa mhusika wake Panurge, mwaka 1546, hotuba ndefu ya kuwasifu wadaiwa. Lakini Panurge hakuwa na duka karibu na majumba yale marefu ya Michenzani yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wala hakupata kusimamishwa na mtalaka mbele ya kadhi, na kwa hiyo sifa zake zina upungufu.

Malimbikizo humfunza mtu kalenda, kwa kuwa kodi ya makadirio, ambayo mfanyabiashara mdogo hutozwa kwa kukisiwa mauzo yake na si faida, hudaiwa kwa awamu nne kwa mwaka. Humjuza pia vichochoro vya soko la Darajani ambavyo hata wachukuzi hawavijui. Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni ufasaha. Mbele ya afisa wa kodi mdaiwa huwa baba: huwataja watoto wake mmoja mmoja, kwa majina, madarasa na saizi za viatu, hata afisa akaona haya, ijapokuwa makadirio hayaulizi mtu ana watoto wangapi. Mbele ya kadhi mtu huyo huyo huwa mfanyabiashara, tena aliyefilisika: huanza na bandari, akaja kwenye bei ya dola, akashuka kwenye msimu mbovu wa watalii, akamalizia na kodi, ambayo kwa maelezo yake imemla akabaki mifupa, ingawa hajailipa. Hivyo watoto humkinga na kodi, na kodi humkinga na watoto, na shilingi isiyowahi kutoka mfukoni huhesabiwa kuwa imetumika mara mbili. Balagha, ambayo ni elimu ya kupamba maneno, haina mfano bora kuliko huu.

Hata hivyo madeni haya mawili hayakuzaliwa na nguvu sawa. Kodi iliyochelewa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, huzaa riba, na riba hiyo huzaa nyingine kila mwezi. Matunzo, kinyume chake, huyeyuka. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafii, ameeleza kwamba matunzo ya mtoto yaliyopitwa na siku zake huanguka wala hayawi deni, isipokuwa kadhi awe ameyapitisha kwa hukumu, au ameruhusu yakopwe kwa kuwa baba hayupo au amekataa kutoa. Imamu, basi, alimwachia mama mlango wa kumfikia baba mkwepaji, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 na ile ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 zimeongeza milango mingine. Kinachoudhi ni waliokaa mlangoni. Mara nyingi mama huambiwa athibitishe kipato cha mwanamume, alete hesabu za duka ambalo hata kuingia haruhusiwi, ilhali makadirio ya mauzo ya duka hilo hilo yamo katika jalada la ofisi ya kodi, na serikali iliyoyaandika haioni sababu ya kuyafungua kwa ajili ya mtoto. Akirudi, shahidi hayupo. Akirudi tena, karani yuko msibani. Na kila anaporudi mkono mtupu, siku nyingine za matunzo zimekwisha kupita. Huu si upungufu wa sheria, ni uvivu, na haufai kupewa jina la heshima. Barazani nako wanaume husikia "sina" na kuitikia, "Maskini, hana," huku wakijua kwamba mwenzao ameposa tena Jang'ombe, ambako mahari, yasiyohitaji ushahidi wa kipato, yamelipwa taslimu.