Baba Watoto Ameenda Kutoa Pesa

Fitina zote kubwa za nyumba yetu huletwa na wageni kutoka Nairobi. Hii ililetwa na binamu ya watoto, kijana wa miaka minane, aliyekuja kwetu upande wa Rigoma likizo ya Aprili, akala ndizi zetu, akavunja pedali ya baiskeli yetu, na kabla hajaondoka akawasimulia wanangu habari za jumba la maduka la Two Rivers. Huko, alisema, kuna gurudumu refu kushinda mnara wa simu. Unakaa ndani, linakupandisha, na ukifika juu unaona Nairobi yote. Wanangu watatu walimsikiliza bila kupepesa macho. Alipopanda gari akaenda zake, walinigeukia mimi.

Kuwaambia kwamba Nairobi ni mamia ya kilomita hakukusaidia. Wala hakukusaidia kuwaeleza kwamba hata Two Rivers yenyewe ilifunguliwa juzi tu, 2017, na mama yao alikua bila gurudumu na bado akapata mume. Kifungua mimba, msichana wa miaka tisa aliyezaliwa akiwa wakili, aliuliza swali ambalo mpaka leo natamani wanasiasa wetu wangeulizwa hadharani: kwa nini sisi hatuna?

Kisii tuna mawe ya Tabaka yanayochongwa vifaru na kuuzwa duniani kote. Nyamira tuna majani chai. Ndizi zetu zinajaza malori usiku kucha. Gurudumu ndilo hatuna, na sababu naijua, kwa maana naiona kila nikifungua dirisha. Sensa ya 2019 ilihesabu katika Kaunti ya Kisii watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba, na hapo hawakuhesabu ng'ombe. Mahali ambapo wenzetu wangesimika gurudumu, huku ndugu wanne wamegawana, na kila mmoja amepanda chai na mabingobingo hadi ukingo wa barabara. Mtoto akirusha mpira, unaangukia kwenye kesi ya mpaka.

Tulicho nacho ni viwanja vya kukodi. Shule zikifungwa, mtu mwenye akili ya biashara hukodi uwanja Kisii mjini, akaleta kasri la kujaza hewa ambalo wanangu huliita baunsi, akaongeza bembea ya kuzunguka na msichana wa kuchora watoto nyuso za simba. Ukiwa na bahati kunakuwa na farasi. Mwaka huu, fununu zilisema, kulikuwa na ngamia.

Baba watoto, ambaye kwa kawaida huamua kwenda mjini kama anayeamua kuuza shamba, alikubali upesi mno. Hilo peke yake lingetosha kuniamsha. Kisha akapanga siku. Nilipopendekeza Jumamosi, alishtuka.

"Jumamosi ni Sabato," alisema. "Mama atasemaje?"

Mama mkwe ni Msabato kamili. Katika ukoo wake Ijumaa jua likizama hata kuni hazikatwi. Lakini mwanawe huyu, Sabato yake ni ya kulala mpaka saa nne. Kumsikia akiitetea siku ya Bwana kwa sauti ya mzee wa kanisa kulinifanya nimtazame vizuri. "Jumapili ndiyo safi," akamalizia, akatoka kwenda kuosha viatu ambavyo vilikuwa safi.

Msomaji wa Kisii ameshaelewa. Jumapili Shabana walikuwa nyumbani.

Kwa wasiojua, Shabana FC ilianzishwa 1980, ikichukua jina la duka la vifaa vya ujenzi. Ilishuka daraja 2006, ikakaa huko chini miaka 17, na iliporudi Ligi Kuu 2023 wanaume wazima walilia barabarani. Baba watoto ni mmoja wao. Alisubiri timu ile miaka 17 bila kunung'unika, na chai ikichelewa dakika 17 anauliza kama gesi imeisha. Uwanja wao ni Gusii, pale pale mjini. Nilijua yote haya, nikanyamaza. Nilitaka kuona angetumia njia gani.

Mama alitangaza kwamba naye atakuja. Hakuna aliyemwalika, na hakuna ambaye angethubutu kutomwalika. Alikuja na kikapu chenye obokima, ugali wetu wa wimbi, iliyofungwa kwa jani la mgomba, mboga ya chinsaga kwenye bakuli, chupa ya chai na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, kwa sababu chakula cha mjini, alisema, kinapikwa na watu usiowajua.

Tulipanda Probox pale Keroka, mji ambao kaunti mbili zinagawana barabara na ushuru wake. Sheria inasema gari hilo ni la watu watano. Dereva wetu alikuwa na maoni tofauti. Mbele, yeye mwenyewe aligawana kiti na mwalimu mmoja mnene, akawa anaendesha amekaa nusu, kioo cha mlango kikimsukuma begani, na kila akitaka kubadilisha gia ilibidi mwalimu ainue goti. Nyuma tulikuwa wanne na watoto juu. Kwenye buti kulikuwa na vijana wawili, kuku, na kikapu cha Mama, ambaye kila tukipita tuta aligeuka kukikagua.

"Huyo analipa," dereva alisema, akimwonyesha mwanangu wa katikati kupitia kioo.

"Nampakata," nikasema.

"Omong'ina, huyo si wa kupakatwa. Miguu inafika chini."

"Amerithi urefu kwa babu yake," Mama akajibu. "Wewe endesha." Mjadala huo ulikwisha Keumbu, kwa nusu nauli.

Kiwanja kilikuwa kile kile cha matangazo, kasoro ukubwa. Baunsi lilikuwa la buluu na njano, lenye minara minne, likipulizwa na feni iliyounganishwa kwa jenereta. Nje yake kulikuwa na rundo la viatu vya watoto wote wa kaunti mbili. Nililipa watatu, nikawavua viatu, nikawaona wakimezwa na mlango wa plastiki. Kisha nikatafuta nilichokuja kutafuta mimi, na ambacho sikumwambia mtu: kiti, kivuli, soda baridi, na saa moja bila kuitwa Mama.

Baba watoto alipapasa mifuko.

"Nimebaki na noti ya mia tu," alisema. "Ngoja niende nitoe pesa."

Kulikuwa na wakala wa M-Pesa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Kulikuwa na mwingine nyuma yake. Kisii mjini ukitupa jiwe na likose wakala, limeangukia kinyozi. Lakini alikuwa ameshageuka, na alikuwa anakwenda haraka, upande ambao vuvuzela zilikuwa zimeanza kusikika.

Mama, kwa upande wake, alikuwa amemwona ngamia.

Alikuwa amesimama kando ya uzio, mrefu, amefungwa tandiko lenye shanga, akitafuna kitu ambacho hakikuwepo. Aliyemshika kamba alikuwa kijana mwembamba wa kutoka kaskazini. Mama alimzunguka yule mnyama kwa heshima, mikono nyuma, namna anavyozunguka ng'ombe wa mnada.

"Nimemsoma miaka sitini," alisema. "Leo ndiyo namwona. Kijana, huyu anakunywa maji kiasi gani?"

"Akiwa na kiu sana, Mama, hata lita mia moja kwa mara moja."

Mama alitulia. Niliona anapiga hesabu. Yule mtumishi wa Ibrahimu, alisema, alifika kisimani na ngamia kumi. Rebeka akawanywesha wote. Lita mia mara kumi ni lita 1,000. Dumu letu ni la lita 20. "Madumu hamsini!" alisema, akinigeukia mimi, kama aliyeletewa ushahidi alioungoja tangu siku ya harusi yangu. "Madumu hamsini, kwa wageni ambao hata hajui majina yao. Na hakuuliza mfereji uko wapi."

Sikujibu. Katika ndoa kuna maswali ambayo jibu lake ni soda.

Sijui kama ngamia alikerwa na Rebeka kupewa sifa zote. Ninachojua ni kwamba, Mama akiwa bado ananitazama, shingo ile ndefu ilishuka polepole juu ya bega lake, ikapita sikio, ikaingia kwenye kikapu, na ikatoka na mkungu. Midomo yake ilifanya kazi kila mmoja kivyake, wa juu ukiwa umepasuka katikati, na ndizi zilikwenda na maganda yake, mbili mbili. Kijana alivuta kamba, akaomba msamaha kwa lugha tatu. Mama alitazama mpaka ndizi ya mwisho. Kisha akafungua jani la mgomba, akamega kipande cha obokima, akakinyoosha kwenye kiganja.

"Kama amekula ndizi bila obokima," alisema, "atavimbiwa."

Wakati huo wingu lilikuwa limekuja. Mtu wa hapa hahitaji kuangalia utabiri mwezi wa Aprili. Asubuhi jua linawaka, unyevu unapanda kutoka ziwani na kusukumwa kwenye vilima vyetu, na mchana ukisogea unarudishiwa ziwa lako kichwani. Niliona kilima cha Nyanchwa kinafifia, kisha hakipo. Tone la kwanza lilikuwa na uzito. La tatu lilikuwa barafu.

Mwenye kiwanja alikimbilia jenereta yake kwanza, na simlaumu, maana ndiyo shamba lake. Aliizima na kuifunika turubai. Ila feni ilikuwa ikipumua kwa jenereta hiyo, na baunsi lilikuwa na watoto kama ishirini ndani. Mnara wa kushoto uliinama, ukakunja shingo. Wa kulia ukaufuata. Kuta zilianza kuegemeana, na kutoka ndani ikaja kelele ambayo mama yeyote akiisikia anajua mtoto wake ni sauti ya ngapi.

Nilifika mlangoni nikiwa na akina mama wengine, kila mmoja akisukuma. Wawili wangu walitoka wenyewe, wakicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Kitinda mimba hakuonekana. Niliinua plastiki nikaingiza kichwa.

"Mama, viatu!" mwenye kiwanja alipiga kelele kutoka chini ya turubai. "Hakuna kuingia na viatu!"

Naapa nilivivua.

Ndani kulikuwa na joto, harufu ya soksi na bisi zilizokanyagwa, na paa la njano likinilalia mgongoni. Nilitambaa kwa viwiko. Nilishika mguu, haukuwa wangu. Nikaupitisha nyuma kwa mwenyewe. Nilimpata kwenye kona, amekaa kitako kwenye kifuko cha hewa kilichobaki, uso umechorwa simba, akila bisi alizookota sakafuni.

"Tunaondoka?" aliuliza, kwa masikitiko.

Tulipotoka, mvua ya mawe ilikuwa imegeuka mvua ya kawaida na rundo la viatu lilikuwa limegeuka ziwa. Vyangu nilivipata. Vya kitinda mimba nilikipata kimoja, cha kushoto. Cha pili kilichobaki kilikuwa cha waridi, chenye kipepeo, nacho cha kushoto pia. Alivivaa vyote akaridhika. Yule kijana wa ngamia, kwa ajili ya ndizi, aliwazungusha watoto wote watatu bure katika manyunyu, na Mama akatembea mbele yao akiwa ameshika kamba mwenyewe, kitambaa chake cha kichwani kimelowa.

Baba watoto alirudi wakati huo. Alikuwa amelowa mabegani, sauti imekauka.

"Foleni ya wakala," alisema kwa mkwaruzo, "haina mwisho."

Nilimpa mtoto abebe, nikasema pole. Aliponunulia kila mtu chipsi bila kuombwa, nilisema asante.

Jioni Probox ile ile, na mwalimu wake mnene, ilikuwa imejaa kuliko asubuhi, na wengi walikuwa wametoka uwanjani. Dereva, ambaye siku nzima alikuwa barabarani, ndiye aliyejua mechi kuliko wote. Alitueleza goli lilivyoingia. Kona, alisema, ikapigwa kutoka kushoto, beki akateleza kwenye matope, mpira ukamgonga goti ukaingia. Bahati tu.

Nilihisi Baba watoto amekakamaa pembeni yangu. Alitazama nje. Alimrekebisha mtoto magotini. Tulipita bonde moja na mlima mmoja.

"Hata kipa," dereva aliendelea, "alikuwa amelala."

"Haikuwa kona!" Baba watoto alilipuka. "Ilikuwa frikiki, mita ishirini, juu ya ukuta! Kipa aliruka, mimi nilikuwa nyuma ya goli pale pale, alikuwa..."

Gari lote lilinyamaza. Mwalimu mnene akainua goti, gia ikabadilishwa.

Mama alijipindua kutoka kiti cha mbele, taratibu, mpaka macho yake yakakutana na ya mwanawe.

"Nyuma ya goli," alisema. "Huko ndiko wakala amefungua?"

Baba watoto alifungua mdomo, akaufunga. Dereva alikohoa, kisha akasema kwa huruma ya mwanamume kwa mwenzake kwamba, kwa kweli, huenda ilikuwa frikiki.

"Jumapili ijayo," Mama alisema, akigeuka mbele, "utanichotea maji. Madumu hamsini."