Huku Kikula Mcheshi Hacheki

Shangazi, uliuliza huku Likasi, Kongo, kukoje. Shaba ipo, vumbi lipo, ila kinachonitesa mimi ni nyuso za watu.

Huko Tanga mtani akija kukutania unamjua angali mlangoni: meno yote nje, kofi la begani, na anacheka yeye kabla hajamaliza. Hapa Kikula, sehemu ya Likasi ninakoishi, unataniwa na mtu mwenye uso wa karani wa mahakama. Juzi umeme ulikatika tukiwa mezani. Nikamuuliza Papa mwenye nyumba, mstaafu wa migodini, utarudi lini. Akaiangalia taa kwa huruma.

"Muache kwanza. Iko napumuzika. Nayo ilichoka."

Akamega bukari (ugali wetu huohuo), akachovya kwenye sombe (kisamvu), akatafuna. Mkewe hakuinua jicho. Nikasubiri mmoja acheke ili nami nipate ruhusa. Wapi! Baadaye, kwa sauti ileile: "Kesho tutaipelekea chayi." Kitinda mimba wake, kimtoto cha darasa la pili, kikauliza, "Na sukari?"

"Sukari hapana. Iko na ile ugonjwa."

Kitoto kikatikisa kichwa, kikaendelea kula. Ndipo nilipoona kwamba hii kazi wanaianza wadogo.

Ukilalamika, iwe kodi au mshahara, mtu mzima anajikohoza na kukutajia Kifungu cha 15 cha katiba ya Kongo. Kifungu hicho kinaamuru: jitafutie mwenyewe. Katiba ya sasa, ya 2006, ina vifungu 229, na cha 15 kipo kweli, ila kinahusu mambo mengine kabisa. Hiki cha kujitafutia husemwa kilizaliwa Kasai Kusini, dola iliyojitenga ya Kalonji, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hakikuandikwa popote, na kwa macho yangu ndicho pekee kinachotiiwa na kila mtu.

Nadhani mji wenyewe unaambukiza utani huu. Septemba 1961, ungali unaitwa Jadotville, kompani moja ya askari wa Ireland, watu wasiofika 160 waliotumwa na Umoja wa Mataifa, ilizingirwa hapa na jeshi la Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, pamoja na mamluki wake. Siku tano. Maji yanaisha, risasi zinaisha, wenzao waliokuja kuwaokoa wamekwama kwenye daraja la Lufira. Helikopta iliyofanikiwa kutua iliwaletea maji kwenye madumu yaliyokuwa ya mafuta; hayanyweki. Na katikati ya balaa hilo wakapeleka ujumbe kwa redio: tutapigana mpaka risasi ya mwisho, na wiski kidogo isingetudhuru. Hebu fikiria, Shangazi, mtu anaagiza kinywaji huku mizinga inamlia kichwani! Walitekwa, lakini hakufa hata mmoja.

Nikamsimulia Papa habari hiyo, nikidhani safari hii nimempata, atacheka tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Ile wiski iko mu njia," akasema. "Barabara njo mubaya."

Haya, karatasi inaniishia. Msalimie Babu, na umwambie dawa yake ya mgongo nitampa dereva wa lori anayekwenda Dar. Kuhusu ile hela ya mabati uliyoniulizia mara tatu, Shangazi yangu, usiwe na wasiwasi. Iko mu njia.

Mtoto wa kaka yako,
huku Kikula