Kusia Mbegu Kariakoo Bila Kitalu Nyumba

Kwanza tuelewane kuhusu kitalu nyumba. Waholanzi hukijenga kwa vioo kwa sababu nje kuna baridi, na nyanya haivumilii baridi. Wewe unaishi ghorofa ya nne Mtaa wa Sikukuu, dirisha linatazama magharibi, feni ilikata roho tangu Ramadhani, na saa tisa alasiri ukiugusa ukuta wa chumba unautoa mkono haraka. Kitalu nyumba cha nini tena? Umo ndani yake, na umeshakilipia kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mbegu ya nyanya huota vizuri penye nyuzi joto 25 hadi 30. Huko Ulaya watu hununua vimkeka vya umeme vya kuipashia moto. Dar es Salaam joto hilo hutolewa bure, na usipolihitaji linakufuata hadi kitandani. Vinavyokosekana Kariakoo ni udongo, kivuli, nafasi na majirani wenye subira.

Mbegu ndiyo kazi nyepesi. Maduka ya pembejeo yamelizunguka soko. Kuna wakulima wanaopanda basi toka mikoani kuyafuata, wewe unashuka ngazi tu. Ila jiandae kisaikolojia. Muuzaji ataanza kwa kukuuliza eka ngapi.

"Trei moja," nilimjibu.

Alimtazama mwenzake, kisha mimi. "Trei moja ya nini, bosi?"

"Ya mayai."

Tangu siku hiyo ananiita bosi kwa sauti ambayo haina heshima hata chembe. Ataanza kukuonyesha mbegu chotara, zilizohesabiwa moja moja kana kwamba kila moja ina cheti cha kuzaliwa. Shukuru, kisha uombe Tengeru 97, nyanya iliyotoka kwenye kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha Tengeru, Arusha. Si chotara, kwa hiyo mwakani unaweza kupanda mbegu ulizozikausha mwenyewe. Angalia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Wapo watakaokushauri ukamue mbegu za nyanya iliyobaki kwenye kachumbari. Zitaota, wala hawadanganyi, lakini kama mama alikuwa chotara, watoto watatoka kila mmoja na sura yake.

Pakiti usiitupe. Mwenye nyumba akija kuuliza hayo majani ni ya nini, ile picha ya nyanya ndiyo itakayokutetea.

Sasa udongo. Kariakoo haina udongo. Ina zege, ina pevingi, na katikati yake ina kitu cheusi ambacho nakushauri usikichunguze. Mpangaji mwenzangu alikwenda kuchota Jangwani baada ya mafuriko akarudi na ndoo iliyojaa, na ndani yake tukapata kandambili moja, ya mguu wa kushoto. Njia ya heshima ni kumfuata muuza madafu jioni umwombe makumbi yake. Yachambue, yakatekate, yaloweke siku tatu huku ukimwaga kila siku yale maji mekundu, halafu uyachanganye nusu kwa nusu na mboji iliyochekechwa. Wenye vitalu nyumba hununua makumbi hayohayo yakiwa yamesagwa na kushindiliwa kama tofali, wakayaita kokopiti, na wakatoa hela nzuri. Chicha la nazi lisikudanganye kwa kuwa ni ndugu yao. Nililijaribu, sisimizi walikuja na familia zao.

Ndoo hiyo utaipandisha ghorofa nne kwa miguu, maana lifti ni ya mapambo. Ukifika ya tatu, pumzika, ukumbuke kwamba Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916 waliwaweka hapa wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na watu wakalitamka jina hilo hadi likawa Kariakoo. Wewe unaendeleza mila.

Chombo ni trei ya mayai, ile ya karatasi, yenye mashimo 30. Kila kibanda cha chipsi mayai kinazo. Toboa kitundu chini ya kila shimo, jaza mchanganyiko wako, weka mbegu mbili kwa kina cha nusu ukucha, funika kidogo, kisha tandaza kitambaa kibichi juu hadi siku mbegu zitakapochomoza. Siku hiyohiyo kiondoe, la sivyo miche itarefuka ikikutafuta. Nyanya zitachomoza ndani ya wiki moja; pilipili mbuzi itakuweka roho juu wiki mbili, na usiifukue kuitazama. Mchicha hauna makuu: changanya mbegu zake na mchanga mkavu, nyunyiza kwa mkono mwepesi, kama unavyotia chumvi kwenye mchuzi wa mkwe mwenye presha.

Tuje kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopata shati.

Kanuni ni rahisi: toboa kifuniko cha chupa ya maji kwa sindano iliyopashwa moto, mwagilia asubuhi, kiasi cha kulowesha tu. Mimi siku ya nne niliona tundu za sindano zinanichelewesha, nikatumia kopo. Maji yakapita kwenye trei, yakapita kwenye ufa wa kibaraza, yakaenda chini na weusi wake wote. Ilikuwa Januari, wiki ya kufungua shule, na chini kijana mmoja alikuwa ametandika mashati meupe.

"Wewe wa juu!"

Niliinama. Nikajirudisha ndani. Nikainama tena, kwa sababu alishaniona.

"Naam, kaka."

"Unaosha nini huko?"

"Namwagilia nyanya."

Kimya kidogo. Mteja aliyekuwa akipima shati kwenye mgongo wa mwanawe akainua macho, mtoto akainua macho, na muuza soksi wa jirani naye akaona asipitwe.

"Unamwagilia nini?"

Nilishuka nikanunua shati lenye doa, saizi ya mtoto wa miaka saba. Sina mtoto wa miaka saba. Na maji yale hayakuishia hapo: baada ya siku mbili miche kumi na moja iliingia kinyausi. Shina hunywea pale linapogusana na udongo, mche unalala, nawe unadhani umeinama kwa adabu. Haunyanyuki tena. Dawa yake ni kuwa bahili wa maji tangu mwanzo.

Lakini shati lilipata kazi. Jua la Dar es Salaam saa sita mchana halina mjadala na mche wenye majani mawili, na shambani watu huutengenezea kichanja cha makuti au nyasi. Beda Amuli alilielewa jambo hili vizuri kuliko wauza vitalu nyumba wote. Alipobuni jengo la Soko la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, hakutufungia vioo. Aliinua miavuli mikubwa ya zege, chini kukapita kivuli na upepo. Mimi nilitundika shati la shule kwa vibanio vinne vya nguo. Asubuhi hadi saa nne miche ipate jua, baada ya hapo funika, funua tena jioni. Wiki ya mwisho punguza kufunika siku hadi siku ili izoee ukali wa dunia.

Shati pia lilifukuza kunguru, kwa siku mbili. Hawa ni kunguru wa Kihindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe takataka. Takataka bado zipo. Kunguru hung'oa mche kwa ustadi, huugeuza, huutazama, kisha huudondosha. Angeula ningemwelewa. Siku ya tatu nilimkuta ametua kwenye kola.

Baada ya wiki nne hivi, mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli, uhamishe jioni pamoja na udongo wake kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini. Ndoo zipande juu ya paa karibu na tanki, baada ya kuongea vizuri na mlinzi. Kuongea vizuri na mlinzi wa Kariakoo kuna bei yake.

Hesabu zangu ni hizi. Mbegu 60 ziliingia kwenye trei, 41 zikaota. Kinyausi kilichukua kumi na moja, kunguru tisa, na kumi na tano ziliondoka na mashangazi waliokuja kunisalimu. Nilibaki na miche sita. Minne ilizaa, na jumla nilivuna nyanya kumi na saba. Kijana wa mashati nilimpelekea tatu. Alizinusa, akauliza kama ndizo zilezile, akaziweka chini ya meza mbali na bidhaa. Gharama sijapiga, na mke wangu nimemwomba naye asipige, kwa sababu fungu la nyanya linauzwa hatua ishirini toka mlangoni kwetu.

Msimu huu naongeza bamia na pilipili hoho. Tatizo ni kwamba kijana wa chipsi amegundua nachukua trei zake kwa ajili ya nini, na ameanza kuniuzia kwa shilingi mia mbili kila moja. Kwa hiyo ukiwa na trei tupu, ndugu msomaji, tafadhali usiitupe. Nipo Sikukuu, ghorofa ya nne, kwenye kibaraza chenye shati.