Kurasa Nane za Timu Yako: Mwongozo kwa Shabiki wa Shasha

Kabla hujanunua karatasi, tafuta mtani. Gazeti la mashabiki lisilo na mtani ni sambaza zisizo na chumvi: zinalika, lakini hakuna atakayeomba nyongeza. Ukiwa mpenzi wa DC Virunga ya Goma, mtani wako bila shaka anaishi nyumba ya tatu kutoka kwako na moyo wake uko AS Kabasha. Ukiwa wa TP Mazembe, mtafute wa AS Vita Club, na wapo hata huku kando ya ziwa. Huyo ndiye msomaji wako namba moja. Nakala ya kwanza ni yake, bure, na umpelekee wewe mwenyewe mkononi. Ukiona miguu inakuwa mizito kufika mlangoni kwake, jua ulichoandika kimeshakuwa tusi. Rudi nyumbani ukakiandike upya.

Mtani akishapatikana, jiulize gazeti hili linafanya kazi gani Shasha. Kijiji chetu kiko teritwari ya Masisi, kwenye barabara ya taifa namba 2, kati ya Sake na Minova, Ziwa Kivu likiwa upande mmoja na milima upande wa pili. Mpira unatufikia kwa njia mbili. Kuna banda lenye televisheni, ambako Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huonyeshwa kwa nguvu ya jenereta, na kuna redio. Matokeo yake ni kwamba kijana wa hapa atakutajia kikosi kizima cha Real Madrid, wa akiba pamoja nao. Mwulize sasa aliyekuwa golini kwa timu ya Goma msimu uliopita. Atatazama ziwani. Hana kosa lolote, maana hakuna aliyemwandikia. Magazeti ya Kinshasa huandika habari za Kinshasa, na kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 ambazo hata timu zenyewe zilizoea kuzivuka kwa ndege. Ukubwa huo wa nchi ndio uliofanya ligi yetu, Linafoot, igawanywe mara kwa mara kwa kanda au kwa makundi. Timu ya mashariki inaweza kucheza miezi mingi bila jina lake kuonekana popote kwenye karatasi.

Kwa hiyo anza na majina. Ukurasa wa pili wote uwe majina: kipa, mabeki, viungo, washambuliaji, kocha, anayefua jezi, anayepuliza tarumbeta jukwaani. Andika jina kamili na lile la mtaani, kwa sababu baada ya miaka kumi watu watakumbuka la mtaani tu, na gazeti lako ndilo litakalowaambia ni mtoto wa nani. Usiruke timu ya kijiji eti haiko kwenye ligi. Mpira unaochezwa uwanja wa shule, mipaka ikiwa imechorwa kwa majivu, unastahili karatasi kuliko mwingine wowote, kwani ndio mpira pekee ambao wewe ni shahidi wake.

Sasa karatasi. Chukua mbili za A4, zipandanishe, zikunje katikati: tayari una kurasa nane. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanaandika ukurasa wa kwanza na wa pili bega kwa bega, kisha gazeti likikunjwa habari ya penalti inaanzia mwanzo na kumalizikia katikati ya salamu za wasomaji. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 8 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 7 upande wa pili. Ya ndani hubeba wa 6 na wa 3, kisha wa 4 na wa 5. Shika hesabu moja: kurasa mbili zinazolala jirani upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima zitoe 9. Zikitoa 10, simama hapo hapo, usiwashe mashine ya fotokopi. Njia ya uhakika ni kukunja kwanza kikaratasi kidogo, kukiandika namba kwa kalamu, kukikunjua na kukitazama. Dakika mbili za kikaratasi hicho zinaokoa faranga nyingi.

Andika kwa kalamu nyeusi. Wino wa bluu, mashine ya fotokopi huupunguza nguvu, na penseli karibu inaimeza yote. Acha pembeni nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo mashine itakata herufi za mwisho na mfungaji wako atabaki nusu jina. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na mzee kwenye mwanga wa taa ya jua. Na picha? Picha ya simu ikipita kwenye fotokopi mara mbili huwa giza tupu. Timu nzima hubaki meno na jezi. Basi chora.

Kwenye kuchora nina mwalimu wa kukuonyesha. Mwaka 1990, Kinshasa, msanii anayejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kutoa vijitabu vya hadithi za michoro kwa Kilingala. Alitunga mwenyewe, akachora mwenyewe, akatoa mwenyewe, kwenye karatasi rahisi, na vikauzwa sokoni na barabarani katikati ya vitunguu na mikate. Alichukua yale ambayo mji wote ulikuwa unayanong'ona, akayapa sura na mdomo, na watu wakanunua kwa sababu waliona maisha yao wenyewe. Leo vijitabu hivyo vinahifadhiwa na chuo kikuu kimoja cha Florida, Marekani. Hakusubiri mashine ya rangi wala barua ya mfadhili. Ukitaka kujua kama gazeti la mikono linawezekana katika nchi hii, jibu lilishatolewa na Mkongo, kwa lugha ya Kongo, kwa bei ya sokoni.

Waingereza nao walipita njia hiyo hiyo. Mashabiki wa Bradford City walianza kutoa gazeti lao, The City Gent, mwaka 1984, na mengi ya wenzao ya miaka ile yalianzia kwenye mashine ya fotokopi. Nawataja kwa jambo moja tu: walisimama nje ya uwanja wakauza kwa mkono, wakiwatazama wasomaji usoni. Hilo tutalifikia.

Katikati ya gazeti, ukurasa wa 4 na wa 5, ndipo penye nafasi pana isiyokatwa. Pape mechi moja tu, isimuliwe mpaka iishe. Usijaze matokeo kumi kwa mstari mmoja mmoja. Mtafute mzee aliyekaa na redio mwaka 1974, Zaire ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, umwulize walikuwa wangapi kwenye redio hiyo na nani alizima kwanza. Au simulia Desemba 2010, Abu Dhabi. TP Mazembe iliitoa Pachuca ya Mexico 1-0, ikaitoa Internacional ya Brazil 2-0, mabao ya Kabangu na Kaluyituka, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kipa Kidiaba alishangilia kwa kurukaruka akiwa amekaa chini, na hadi leo watoto wetu wanaiga mruko ule kwenye mchanga bila kujua ulitoka wapi. Waeleze ulitoka wapi. Andika pia kwamba fainali tulifungwa 3-0 na Inter Milan, usiifiche. Gazeti linaloficha kipigo, mtani atalikamata ukurasa wa kwanza tu, na baada ya hapo hata ushindi wako hautaaminiwa.

Utani una ukurasa wake pia, wa 7. Wa kujifunza kwao ni Watanzania. Klabu za Simba na Yanga zimekuwa zikitaniana tangu miaka ya 1930, na silaha yao kubwa ni jina. Makao ya Yanga yako Jangwani, bonde linalojaa maji mvua ikinyesha, basi Simba wakawaita vyura. Simba nao wakaitwa mikia. Ona jinsi jina zuri la utani linavyotengenezwa: limetoka kwenye jambo ambalo kila mtu analiona kwa macho, halimgusi mama wa mtu, na anayeitwa anaweza kucheka kabla hajajibu. Fanya vivyo hivyo. Mtani akifungwa mwezi mzima, mchoree kipa wake akivua sambaza kwa wavu wa goli. Ila kabila la mchezaji, kijiji cha babake na lafudhi yake viache nje ya gazeti kabisa. Masisi tumeona neno dogo la aina hiyo linavyoweza kwenda mbali, na hakuna bao lenye thamani hiyo.

Uchawi nao uuache nje. Najua kila mechi iliyopotea ina mtu aliyeona yai limezikwa nyuma ya goli. Septemba 2008, Butembo, humu humu Kivu ya Kaskazini, mchezo wa Socozaki na Nyuki System uligeuka fujo baada ya kipa kutuhumiwa kufanya uchawi uwanjani, na katika msongamano uliofuata walikufa watu zaidi ya 10, wengi wao vijana. Walikuwa wamekuja kutazama mpira. Tuhuma ya mdomo inaweza kupoa jioni, lakini ikishaandikwa na kupigwa fotokopi inalala ndani ya mifuko na kuamka humo. Ukiletewa habari ya namna hiyo, hata na mwandishi wako bora, irudishe. Andika kwamba beki alilala, kama kweli alilala.

Kuna sheria nyingine ambayo mashabiki wa Bradford hawakuihitaji. Februari 2024 mapigano yalifika Shasha, barabara ya Goma kwenda Minova ikakatwa, familia zikabeba magodoro zikaenda. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma yenyewe. Katika gazeti la mpira, basi, pasiwe na ramani, pasiwe na picha ya barabara wala daraja, pasiwe na mtu yeyote mwenye sare hata akiwa amesimama nyuma kabisa ya kona. Jina la mchezaji liandike. Mahali alipokimbilia usipaandike. Maoni ya siasa yana sehemu zake. Kurasa hizi nane zimebeba watoto wa watu, na mtu atakayekamatwa nazo njiani asiwe na kitu cha kueleza zaidi ya kwamba anapenda mpira.

Nakala ngapi? Thelathini kwa toleo la kwanza. Nenda kwenye fotokopi Minova, Sake au Goma asubuhi, kabla foleni ya vyeti na barua za shule haijaanza na wakati wino wa mashine bado mzito. Stepla ndefu ya kufikia katikati ya kurasa huwezi kuipata, hivyo tumia sindano na uzi: matundu matatu kwenye mkunjo, fundo kwa ndani. Mama anayeshona atakuonyesha, mwandike jina lake kwenye orodha ya walioandaa. Bei isizidi mandazi mawili. Juu ya hapo utakuwa unauza kwa wenye mishahara, na wao wanajiona wameshayajua yote kwenye simu.

Usimwachie muuza duka kazi ya kuuza. Siku ya soko Kirotshe, simama mwenyewe njia ya samaki. Mpe mwenye chukudu nakala tano azishushe Sake, na mwenye pikipiki anayekwenda Minova tano nyingine, wao pia walipwe kwa gazeti. Mzee mmoja atakwambia hajui kusoma. Mwambie mjukuu wake anajua, na ukurasa wa katikati umeandikwa usomwe kwa sauti. Kisha kaa umsikilize akisomewa. Pale atakapokatiza na kusema, «Hapana, yule alifunga kwa mguu wa kushoto,» toa kalamu, maana toleo la pili limeshaanza.

Bado ukurasa wa 8. Usiujaze. Piga mistari, andika juu yake tarehe za mechi zijazo za timu yako, pamoja na za timu ya kijiji, na mbele ya kila mechi acha visanduku viwili vitupu vya mabao. Msomaji atavijaza mwenyewe, redio ikiwa sikioni, popote atakapokuwa siku hiyo. Mwombe akutunzie. Msimu ukiisha, zikusanye nakala zitakazorudi, linganisha visanduku, na pale wawili watakapotofautiana, waite wote wawili, mtani akiwemo.