Mwongozo wa Kuvaa kwa Asiyetaka Kurudishwa Mlangoni

Mwongozo huu ni wa mgeni wa jiji, wa aliyerudi majuzi kutoka masomoni ughaibuni, na wa yeyote anayedhani kwamba nguo safi iliyopigwa pasi inatosha. Haitoshi. Usafi ni suala la afya. Mavazi ni suala la nani amesimama mlangoni.

Ofisi ya umma

Getini utakuta bango. Lina picha za watu zilizopigwa alama nyekundu: kimini, kaptula, suruali ya mlegezo, blauzi ya kamba mabegani, nguo inayoonyesha maungo, tisheti yenye maandishi. Usipoteze muda kutafuta picha ya nguo inayokubalika. Hiyo hujulikana baada ya kurudishwa.

Watumishi wa umma wa Tanzania walipata waraka wao wa mavazi mwaka 2007, wakausoma wenyewe. Wewe mwananchi, waraka wako utasomewa na mlinzi, naye husoma kulingana na jua, foleni na jinsi ulivyomsalimia. Kama ni mtu mzima, shikamoo iliyotamkwa vizuri huongeza urefu wa sketi kwa sentimita tano.

Mwanamke asitoke bila kanga kwenye mkoba. Akijifunga juu ya suruali, kosa limefutika. Zingatia kwamba maandishi ya kwenye tisheti ni utovu wa nidhamu, lakini ya kwenye kanga ni heshima, hata kama ni kijembe kwa mke mwenza. Mwanaume achomekee. Kitambi hakijawahi kumrudisha mtu. Shati lililo nje limewarudisha wengi.

Bungeni

Usidhani wakubwa wamesamehewa. Dodoma, Juni 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini na Spika Job Ndugai, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama na kulalamikia suruali yake kuwa inabana. Akaambiwa akavae vizuri ndipo arudi. Zingatia utaratibu: kipimo cha suruali hakikuchukuliwa na fundi, kilichukuliwa kwa macho kutoka kiti cha mbali, na mwenye macho hakuulizwa alikuwa anafuatilia hoja gani.

Nairobi nako, Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda katika Bunge la Kenya. Suti hiyo ina jina la Kenneth Kaunda, mwasisi wa Zambia huru. Tai ilikuja na mkoloni. Tai ikabaki kuwa lazima. Na wakati huo aliyekuwa akionekana na suti za Kaunda kila kukicha ni Rais William Ruto mwenyewe. Funzo kwa msafiri: usivae mshono wa mkubwa mahali ambapo mkubwa hayupo.

Mambo haya hayakuanza jana. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, na mwaka uliofuata vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa vitu vya kusakwa katika mitaa ya Dar es Salaam. Wasichana wa enzi hizo leo ni bibi zetu. Bibi akikukemea kwa kimini, muombe kwa adabu akuonyeshe albamu yake ya picha.

Harusini

Hapa ndipo wengi huangamia, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza, lipa mchango. Asiyemaliza mchango hata akija na suti ya Ulaya ataonekana amevaa vibaya.

Pili, jifunze rangi. Kamati itatangaza maruni, dhahabu na pichi. Pichi si pinki wala si chungwa, na hakuna mwanaume aliyewahi kuitambua dukani bila kumpigia mtu simu. Nyeupe ni ya bibi harusi. Krimu nayo ni nyeupe, hata kama muuzaji aliapa kwa jina la mama yake.

Tatu, nunua sare. Kitenge cha sare huuzwa kwenye kundi la WhatsApp na shangazi mmoja wa upande wa bibi harusi. Usiende Kariakoo kuulizia bei ya kitenge hichohicho. Utaijua, na hutakuwa na wa kumwambia.

Nne, wahi kwa fundi. Atakuambia njoo Alhamisi. Hatakuambia Alhamisi ipi.

Tano, rudia hatua zote. Kicheni pati ina sare yake, sendofu ina yake, harusi ina yake, na siku ya kuvunja kamati utaambiwa uvae jinzi na tisheti zilizochapwa majina ya maharusi. Usijaribu kurudia nguo. Picha za mara ya kwanza zimo kwenye kundi, na shangazi ana kumbukumbu.

Kwenye nikahi ya Pwani mwanaume ataona amepumzishwa: kanzu, kofia, makubadhi, basi. Asijisahau. Wazee waliokaa jamvini wanaitambua kofia iliyoshonwa kwa mkono na ile iliyotoka kiwandani kabla hujamaliza kuvua viatu. Hawatakurudisha. Watakusogezea nafasi karibu na mlango.

Hatua ya mwisho

Umeshaona kwamba hakuna vazi linalokulinda kila mahali. Kinachokulinda ni cheo cha mlangoni. Basi acha kuhangaika na nguo, gombea ujumbe wa kamati ya harusi. Huko ndani hakuna mtihani mgumu. Wanamtaka mtu asiyechelewa vikao na asiyeogopa kudai watu pesa.

Ukishapita, pendekeza rangi ambayo haijafika sokoni. Kazi ya kuuza kitambaa mpe dada yako. Siku ya shughuli simama mlangoni na daftari la majina, umevaa chochote ulichokikuta juu ya kitanda, na uwaangalie wageni kuanzia viatuni kwenda juu, polepole. Akitokea wa kukuuliza mbona wewe hujavaa pichi, mwulize yeye kama amemaliza mchango.